Dekoherensi ikishapita, supaposisheni imekufa au imehama?

Mwalimu wa Mkomani

Asalaam aleikum jamani. Natayarisha kipindi cha saa moja na nusu kwa klabu ya fizikia hapa Amu (Lamu): vijana wa kidato cha nne na wachache waliokwisha kumaliza. Mada ni supaposisheni (kitu kuwa katika hali mbili kwa pamoja), na kwa nini hatuioni kwenye vitu vya kila siku. Vitabu vinanizungusha. Kimoja kinasema supaposisheni hudumu hadi mtu apime. Cha pili kinasema mtu hahusiki, mazingira ndiyo yanayoiua. Cha tatu kinasema haifi kamwe, inasambaa tu.

Nataka majibu ya kushikika. Je, ni lazima awepo mtu wa kutazama? Dekoherensi (supaposisheni kuvujia kwenye mazingira) ikishapita, ni kipimo gani kitaonyesha kwamba kuna kilichobadilika? Kwa nini chembe ya vumbi ipoteze supaposisheni papo hapo, ilhali kyubiti (vifaa vya kwanta vyenye hali mbili) za maabara zinaishikilia kwa mikrosekunde nyingi? Na kuna njia ya kuwaonyesha kwa laptopu bila intaneti? Laptopu ni mbili, na stima ni ya kubahatisha.

Hesabu si kikwazo. Matriki za 2 kwa 2 wanazijua, na namba changamano nitawapa dakika kumi.

Bin Msabaha

Waalaikum salaam, Maalim. Anza na matriki. Paka wa Schrödinger, yule wa mfano maarufu aliye hai na mfu kwa pamoja, mwache nje ya darasa kwa muda, maana akiingia yeye watu hubishana juu ya uhai na mauti kabla hawajajua kinachobishaniwa ni nini.

Chukua kyubiti moja yenye hali mbili, 0 na 1, uiweke kwenye supaposisheni iliyo sawasawa. Tuiite hali ya kujumlisha, +. Matriki yake ya densiti, yaani jedwali la namba linaloeleza hali yake, ni hii:

0.5  0.5
0.5  0.5

Namba mbili za ulalo, juu kushoto na chini kulia, ni uwezekano wa kupata 0 na wa kupata 1. Mbili zilizobaki, za pembeni, zinabeba uhusiano wa fezi (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) kati ya 0 na 1. Bila hizo hakuna intaferensi (mawimbi kuongezana na kufutana), na bila intaferensi huna ushahidi wowote wa supaposisheni. Sasa acha mazingira yaiguse kyubiti, kisha uandike matriki upya:

0.5  0
0    0.5

Ulalo haukuguswa. Kilichoondoka ni namba za pembeni, na kuondoka kwake ndiko kunaitwa dekoherensi.

Hapo ndipo wengi huteleza. Ukipima 0 au 1 moja kwa moja, matriki zote mbili zinakupa nusu kwa nusu. Mwanafunzi atapima mara 1000, apate 500 na 500 hivi, aseme "supaposisheni hiyo, nimeiona". Hajaona kitu, sarafu ya kurusha juu ingempa namba zizo hizo. Ili kuzitofautisha, pitisha kyubiti kwenye lango la Hadamard kwanza (operesheni inayogeuza 0 kuwa +, na + kuwa 0), ndipo upime. Matriki ya kwanza itatoa 0 kila mara, haikosi. Ya pili itabaki nusu kwa nusu. Hicho ndicho kipimo unachokitafuta, na ningekitumia kipindi kizima kukizunguka hicho kimoja.

Namba za pembeni zinakwenda wapi? Andika na mazingira pia. Mwanzoni yana hali moja, E, isiyojua lolote kuhusu kyubiti. Yakishaigusa, hali ya wote wawili inakuwa: (0 pamoja na E0) jumlisha (1 pamoja na E1), gawa kwa kipeuo cha pili cha 2, ambapo E0 na E1 ni hali za mazingira yaliyokutana na 0 au na 1. Tazama vizuri: alama ya kujumlisha bado ipo. Supaposisheni haikufutwa, imekuwa ya kyubiti na mazingira kwa pamoja, zimefungamana. Ila wewe unayeishika kyubiti peke yake unaona namba ya pembeni iliyo sawa na 0.5 mara kiasi ambacho E0 na E1 zinafanana. Zikiwa sawa kabisa, kiasi hicho ni 1 na hujapoteza kitu. Zikitofautika kabisa ni 0.

Na wala haihitajiki chembe moja ya mazingira ijue kila kitu. Tuseme kila fotoni (chembe ya mwanga) inayopita inabadilika kidogo mno, mfanano wa 0.99. Fotoni moja haina madhara. Fotoni 100 zinakupa 0.99 kwa kipeo cha 100, yaani 0.37. Fotoni 1000 zinakupa 0.00004. Hakuna hata moja "iliyotazama", lakini habari imeshatoka. Ni kama neno lililosemwa asubuhi pale Mkunguni: kufikia alasiri liko Langoni, liko Shela, kila mmoja ana kipande. Halikuharibiwa na mtu, ila nani atazunguka mdomo kwa mdomo alikusanye amrudishie mwenyewe?

Kwa swali la mtazamaji, wape majaribio ya Vienna. Mwaka 1999 kikundi cha Anton Zeilinger na Markus Arndt kilipitisha molekuli za C60, atomi 60 za kaboni kila moja, kwenye wavu wenye nyufa nyembamba sana, na mistari ya intaferensi ikaonekana. Baadaye wakatumia C70 na kufanya mambo mawili. Kwanza waliingiza gesi kidogo kidogo ndani ya ombwe: kadiri gesi ilivyoongezeka ndivyo mistari ilivyofifia, kwa kiwango ambacho hesabu ya migongano ilikwisha kukitabiri. Kisha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, walizipasha molekuli moto kwa leza kabla hazijaingia. Molekuli ya moto hutoa fotoni zake yenyewe, na fotoni hizo zinabeba habari ya njia iliyopitwa. Zilipokaribia kelvini 3000 mistari ikapotea yote. Hakuna mtu aliyezikusanya fotoni hizo wala kuzisoma. Kutoka kwake kulitosha.

Fundi Baridi

Sheikh Bin Msabaha ameshamaliza hoja kuu. Mimi nachukua swali la vumbi, kwa sababu watu hulijibu kwa maneno ilhali linahesabika nyuma ya bahasha.

Chembe ya kipenyo cha mikromita 1, inaelea hewani kwa nyuzi 30, kaskazi yenu ya kawaida. Hewa hiyo ina molekuli kama 2.4 × 10^25 kwa kila mita ya ujazo, zikienda kwa wastani wa mita 470 kwa sekunde. Zidisha hizo mbili, gawa kwa 4, upate idadi ya molekuli zinazogonga kila mita ya mraba kwa sekunde: 2.8 × 10^27. Uso wa chembe una eneo la mita za mraba 3.1 × 10^-12. Zidisha tena: migongano 9 × 10^15 kila sekunde. Yaani kutoka mgongano mmoja hadi unaofuata ni kama sekunde 10^-16.

Kila molekuli inayodunda inaondoka na habari ya mahali ilipogonga. Kwa usahihi gani? Urefu wa wimbi la naitrojeni kwa joto hilo ni nanomita 0.02 hivi, mdogo kuliko atomi yenyewe. Kwa hivyo ukijaribu kuiweka chembe mahali pawili kwa pamoja, hata pawe pameachana kwa upana wa atomi moja tu, mgongano mmoja unatosha kupambanua. Supaposisheni inadumu sekunde 10^-16, basi.

Vijana watauliza: tukiondoa hewa? Hesabu ni ile ile. Pampu nzuri inakufikisha milibari 10^-10, ambayo ni hewa iliyopunguzwa mara 10^13. Migongano inashuka hadi 900 kwa sekunde, na supaposisheni inaishi milisekunde moja. Si mbaya, lakini hapo fotoni za joto zinaanza kuwa adui mkuu, zile zinazotoka kwenye kuta za chombo na zile za chembe yenyewe. Lazima upooze vyote viwili. Ndiyo maana kila anayefanya kazi hii hatimaye anageuka fundi wa majokofu.

Tuje kwenye kyubiti za supakondakta (zinazopitisha umeme bila ukinzani). Nyingi zinafanya kazi karibu na gigahezi 5. Gawa nishati ya fotoni ya masafa hayo kwa namba ya Boltzmann (inayobadili nishati kuwa joto), upate kelvini 0.24. Hiyo ndiyo namba ya kuikumbuka, maana chochote chenye joto zaidi ya hapo kitaichezea kyubiti kinavyotaka. Waya ulio kwenye joto la chumba, kelvini 303, una fotoni kama 1260 za masafa hayo. Jokofu la heliamu-3 na heliamu-4 linashusha sahani ya mwisho hadi milikelvini 20 au chini. Kwenye milikelvini 20, uwezekano wa kyubiti kurushwa juu na joto ni 6 kwa milioni.

Hiyo ni kwenye karatasi. Kwa vitendo kyubiti mara nyingi huwa ya moto kuliko sahani iliyoikalia, kama milikelvini 50, na hapo uwezekano unakuwa kama asilimia 0.8. Sababu kubwa ni nyaya. Huwezi kuiamuru kyubiti bila waya kutoka juu, na waya huleta zile fotoni 1260. Dawa yake ni vipunguza-mawimbi, kwa kawaida desibeli 60 kwa jumla: zinagawanya kwa milioni, fotoni zinabaki kama 0.001. Lakini usiziweke zote sehemu moja! Kipunguza-mawimbi nacho hutoa kelele ya joto lake. Ukizirundika zote kwenye hatua ya kelvini 4, chenyewe kitatuma chini fotoni 16 au 17, na kazi yote imekuwa bure. Mpango wa kawaida ni desibeli 20 kwenye kelvini 4, 20 katikati, 20 kwenye sahani ya chini kabisa.

Hata baada ya hayo yote zinabaki kasoro ndogo kwenye tabaka za oksidi juu ya metali, na kelele ya uga wa sumaku. Hizo ndizo zinazoamua leo. Kyubiti ya kwanza ya aina hii, ya Nakamura na wenzake Japani mwaka 1999, ilidumu nanosekunde chache. Siku hizi kuvuka mikrosekunde 100 si habari tena.

Nuru ya Shela

Nimefuata hadi hapo, shukran. Lakini kama namba za pembeni zimekwenda sifuri na zimebaki za ulalo tu, si ndiyo uwezekano wa kawaida huo, 0 au 1, nusu kwa nusu? Basi wanafizikia H. Dieter Zeh mwaka 1970 na Wojciech Zurek miaka ya 1980 walishamaliza tatizo la kipimo (kwa nini kupima hutoa jibu moja tu). Kwa nini watu bado wanaandika vitabu?

Bin Msabaha

La, dada Nuru, na hapa naomba Maalim awe mkali na vijana, maana ndipo makala nyingi za magazeti hukata kona.

Matriki yenye 0.5 na 0.5 kwenye ulalo inaweza kutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza: mtu alirusha sarafu, akakupa kyubiti iliyo 0 au iliyo 1, ila hakukwambia ipi. Kyubiti ina jibu, wewe ndiye hulijui. Njia ya pili: kyubiti imefungamana na mazingira kama nilivyoandika juu. Hapo hakuna jibu lililofichwa. Ile alama ya kujumlisha ingalipo kwenye hali ya wote kwa pamoja. Ukiwa na kyubiti tu mkononi, njia hizi mbili hazitofautiki kwa kipimo chochote. Ukiwa na vyote viwili, zinatofautika.

Dekoherensi inaeleza kwa nini huoni intaferensi. Inaeleza pia kwa nini ni hali fulani zinazosalimika na si nyingine: nguvu zinazofanya kazi baina ya vitu hutegemea mahali, kwa hivyo mazingira hupeleleza mahali, na hali zenye mahali pamoja ndizo zinazodumu. Hiyo ni kazi ya Zurek na ni kubwa. Lakini haielezi kwa nini safari hii umepata 0 na si 1. Kwa hilo kila mtu ana madhehebu yake. Wafuasi wa Everett wanasema yote mawili yametokea. Wafuasi wa Bohm wanasema chembe ilikuwa na mahali pake tangu mwanzo. Wengine wanaongeza mlinganyo mpya wa kuporomoka kwa wimbi. Dekoherensi inakubalika kwao wote, kwa hiyo haiwezi kuwa mwamuzi wao. Kwa klabu ya vijana dakika tano zinatosha hapo, la sivyo hamtoki.

Kodi ya Pwani

Maalim, upande wa laptopu ni rahisi. Unahitaji lugha ya programu ya Python na maktaba iitwayo QuTiP, ya kuigiza mifumo ya kwanta, ya bure. Mahali penye intaneti tumia amri ya pip download kupakua qutip pamoja na matplotlib (ya kuchora grafu) na vyote vinavyotegemewa navyo kwenye flashi, halafu kwenye laptopu za klabu sakinisha kutoka kwenye folda ile kwa --no-index na --find-links. Tahadhari moja: mashine ya kupakulia iwe na mfumo ule ule na toleo lile lile la Python kama za klabu, la sivyo faili zitakataa na utakuwa uko Amu, flashi mkononi, huna la kufanya.

Onyesho la kwanza ni la kupoteza na kurudisha, na ndilo linalojibu kichwa cha uzi huu. Chukua kyubiti mbili, A na B. Iweke A kwenye +, B kwenye 0. Chapisha matriki ya A peke yake kwa amri ya ptrace: pembeni utaona 0.5. Pitisha lango la CNOT, A ikiamuru B (B inageuzwa iwapo A ni 1). Chapisha tena: pembeni 0, A imepoteza supaposisheni kwa yeyote anayeiangalia peke yake. Sasa pitisha CNOT ile ile mara ya pili. Pembeni zinarudi 0.5, kamili. Kisha rudia upya, ila kabla ya CNOT ya pili acha B iguse kyubiti ya tatu, C, kwa CNOT nyingine. Ukijaribu kurudisha kwa A na B tu, pembeni inabaki 0. Habari iko C. Waambie C ni fotoni iliyotoka dirishani.

Onyesho la pili ni la muda. Tumia mesolve, amri ya QuTiP ya kufuata mabadiliko ya muda, na weka namba halisi: T1 ya mikrosekunde 100, ambayo ni muda wa nishati kuvuja, na T2 ya mikrosekunde 80, muda wa namba za pembeni kufifia. Uhusiano wake ni 1/T2 = 1/(2 × T1) + 1/Tφ, ambapo Tφ ni ya fezi peke yake. Kwa namba zetu Tφ inatoka 133. Ona kwamba T2 haiwezi kuzidi mara mbili ya T1. Mwanafunzi akikuletea T1 ya 50 na T2 ya 120, mrudishe.

Mitego iko miwili, na yote inatoa grafu nzuri yenye jibu baya. Wa kwanza: ukitumia opereta ya sigmam kwa kuvuja kwa nishati, QuTiP itaisukuma kyubiti kutoka 0 kwenda 1, kinyume cha desturi ya watu wa kyubiti, kwa sababu kwake hali ya kwanza ni ile ya juu. Tumia destroy(2), ukiizidisha na kipeuo cha pili cha 1/T1. Wa pili: kwa fezi unatumia sigmaz ikizidishwa na kipeuo cha pili cha 1/(2 × Tφ). Ukisahau ile 2, fezi itapotea mara mbili ya kasi inayotakiwa na hutajua kwa nini. Na ukiongeza masafa yoyote, kumbuka kuzidisha kwa 2π, maktaba haikuzidishii.

Halafu fanya jaribio la Ramsey: Hadamard, subiri, Hadamard, pima. Uwezekano wa kupata 0 unapaswa kuwa 0.80 baada ya mikrosekunde 40, 0.68 baada ya 80, 0.57 baada ya 160, ukielekea 0.5. Karibu nayo chora mstari wa kupima moja kwa moja bila Hadamard ya pili. Huo hauishii 0.5: uwezekano wa kupata 1 unashuka hadi 0.003 baada ya mikrosekunde 500, kwa sababu nishati yote imevuja. Grafu mbili kwenye karatasi moja, na T1 na T2 zinajieleza.

Stima ikikatika, fungua jedwali lolote la hesabu kwenye simu. Safu ya kwanza muda t, ya pili 0.5 + 0.5*EXP(-t/80). Ni grafu ile ile ya Ramsey.

Mwalimu wa Mkomani

Allah awalipe nyote. Onyesho la CNOT mbili limeshaingia kwenye mpango, litakuwa la kwanza.

Limebaki moja. Nimesoma kuhusu mwangwi wa Hahn: unapiga pigo moja la kugeuza katikati ya kusubiri, na supaposisheni iliyokwisha kufifia inarudi. Hahn alikuwa na pigo la redio tu, mwaka 1950, na viini vya atomi chungu nzima kwenye kichupa. Hakukusanya fotoni yoyote kutoka kwenye mazingira. Kama habari ilikuwa imetoka, imerudije?

Fundi Baridi

Haikuwa imetoka, Maalim. Umegusa kitu ambacho hata makala za kitaalamu huchanganya.

Kwenye kichupa cha Hahn kila kiini kiko kwenye uga wa sumaku uliotofautiana kidogo na wa jirani yake, kwa sababu sumaku haiko sawa kila mahali. Kila kimoja kinazunguka kwa kasi yake. Fezi zinaachana, na ukijumlisha zote wastani unakuwa sifuri. Lakini kila kiini kimoja kimoja kina namba zake za pembeni zote, hazijapungua. Kilichofifia ni jumla. Pigo la katikati linageuza fezi iliyokusanywa kuwa hasi. Nusu ya pili ya muda inakusanya kiasi kile kile, na vyote vinakutana tena kwenye sifuri. Sharti ni moja: kasi ya kila kiini isibadilike kati ya nusu ya kwanza na ya pili.

Kwa kyubiti moja inayopimwa mara nyingi ni vivyo hivyo, ila badala ya viini tofauti una safari tofauti. Masafa yake yanahama polepole, leo asubuhi hivi, baada ya saa moja vile. Ramsey ya kawaida inaipa T2 fupi. Mwangwi unaipa ndefu zaidi. Tofauti ya hizo mbili inakwambia ni kiasi gani cha kelele yako ni ya polepole, yaani kiasi gani cha ulichokiita dekoherensi kilikuwa ni kutojua kwako tu.

Kodi ya Pwani

Na hili wanaweza kulifanya kwa namba nasibu, bila QuTiP. Kyubiti 400, kila moja ipewe kasi ya fezi kutoka mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0 na mkengeuko wa radiani 0.02 kwa mikrosekunde (radiani ni kipimo cha pembe). Chukua wastani wa kosaini ya kasi mara muda. Utaona 0.61 kwenye mikrosekunde 50, na 0.14 kwenye 100. Kwenye 150 hesabu inasema 0.01, lakini kwa kyubiti 400 mara nyingi utapata chochote kati ya hasi 0.05 na chanya 0.05, na kitarukaruka kila ukiendesha upya. Hicho si mabaki ya supaposisheni, ni uchache wa sampuli. Kosa lake ni 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha 800. Ongeza hadi 40,000 kitatulia.

Kisha weka mwangwi: fezi ya nusu ya pili toa fezi ya nusu ya kwanza. Wastani unarudi 1 kwa muda wowote utakaouchagua. Sasa badilisha kitu kimoja tu, kasi ichaguliwe upya kwa nasibu kila mikrosekunde moja badala ya mara moja mwanzoni. Hapo ongeza mkengeuko hadi 0.2, la sivyo hutaona kufifia ndani ya muda huo. Kwenye mikrosekunde 50 utapata 0.37 ukiwa na mwangwi, na 0.37 usipokuwa nao.